Mafunzo ya utafiti wa mimea wakati wa likizo: milango iliyo wazi na iliyofungwa kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Kila mwaka, kati ya Novemba na Machi, taasisi za utafiti wa mimea nchini Marekani, Ulaya na Asia hutangaza nafasi za mafunzo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaotaka kuitumia likizo yao maabarani. Matangazo hayo huwafikia pia wanafunzi wa Morogoro, Nairobi, Kampala, Bujumbura na Kisangani kupitia simu zao za mkononi. Wengi huyasoma kwa matumaini, huanza kukusanya nyaraka, na ndipo hugundua katika mstari wa mwisho wa masharti kwamba nafasi hizo ni za raia wa nchi fulani tu.

Makala haya yanaeleza mafunzo hayo ni ya namna gani, yalianzaje, mwanafunzi hufanya nini katika majuma yale machache, nani anaruhusiwa kuomba, na ni vituo gani vya nchi jirani ambako mwanafunzi wa ukanda huu anaweza kujifunza utafiti wa mimea bila kuvuka bahari.

Mafunzo ya aina gani?

Mwanafunzi wa kilimo au sayansi katika vyuo vikuu vya ukanda huu anayajua mafunzo kwa vitendo. Hupangiwa kituo, hukaa huko majuma kadhaa, hujaza kitabu cha kumbukumbu za kila siku, hutembelewa na mhadhiri, kisha huandika ripoti inayohesabiwa katika matokeo yake. Mara nyingi huzunguka idara baada ya idara na kutazama wengine wakifanya kazi.

Mafunzo ya utafiti yanayozungumziwa hapa yana msingi tofauti. Mwanafunzi hukabidhiwa swali moja ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote. Swali lenyewe huwa dogo, kwa mfano: je, mmea ukizimiwa jeni fulani, mizizi yake itarefuka kama kawaida katika udongo wenye chumvi? Kwa muda wa majuma 8 hadi 12 mwanafunzi husoma yaliyokwisha kuandikwa kuhusu swali hilo, hupanga jaribio, hulifanya, hulirudia, huchambua takwimu, na mwishoni husimama mbele ya bango lake kuwaeleza watafiti wenzake alichokipata.

Kwa kawaida huwa na wasimamizi wawili. Wa kwanza ni mkuu wa maabara, ambaye ndiye mwenye swali na fedha za utafiti. Wa pili ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti aliyekwisha kuhitimu uzamivu, ambaye humwonyesha kazi kila siku: namna ya kushika pipeti, kupima kemikali, kuandika daftari la maabara kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kuifuata. Wanafunzi waliopita katika programu hizi wanajua kwamba ubora wa likizo hiyo humtegemea zaidi msimamizi huyu wa pili kuliko jina la taasisi.

Jambo la tatu ni malipo. Programu nyingi za Marekani na Ulaya humlipa mwanafunzi posho, na baadhi humpa malazi na nauli. Hoja ya malipo hayo ni kwamba mtoto wa familia isiyo na uwezo hawezi kuiacha kazi ya likizo inayompatia karo ili akafanye utafiti wa bure. Pasipo posho, maabara hubaki mahali pa wale ambao wazazi wao wanaweza kuwagharimia.

Neno moja kuhusu majira. Programu hizi huitwa za majira ya joto kwa kuwa hufanyika kati ya Juni na Agosti, ambayo ni likizo kuu katika nchi za kaskazini mwa dunia. Kwetu miezi hiyo ni ya kipupwe, na tofauti hiyo ya kalenda ina athari zake, kama itakavyoelezwa baadaye.

Chimbuko lake

Desturi ya kumwingiza mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti ilipata sura ya mpango wa taifa nchini Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo, iliyoundwa mwaka 1950, ilianza kugharimia wanafunzi wa aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mpango huo ulikatizwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, bajeti ilipopunguzwa, na mwaka 1987 ukazaliwa upya kwa jina linalojulikana hadi leo kwa kifupi chake, REU. Chini ya mpango huo, chuo kikuu au taasisi hupewa fedha za kupokea kundi la wanafunzi, mara nyingi wapatao kumi, na wengi wao hutoka vyuo vingine ambavyo havina maabara kubwa.

Baiolojia ya mimea ni mojawapo ya fani zilizonufaika. Miongoni mwa taasisi zinazojulikana kwa mafunzo haya ni Taasisi ya Boyce Thompson, iliyoanzishwa mwaka 1924 huko Yonkers, jimbo la New York, kwa fedha za William Boyce Thompson. Tajiri huyo wa migodi alikwenda Urusi mwaka 1917 katika ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, akarejea akiamini kwamba utulivu wa mataifa unategemea chakula, na kwamba chakula kinategemea kuielewa mimea. Mwaka 1978 taasisi hiyo ilihamia Ithaca, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Cornell. Nyingine ni Kituo cha Sayansi ya Mimea cha Donald Danforth mjini St. Louis, kilichoanzishwa mwaka 1998.

Mipango hii haina kinga dhidi ya siasa za bajeti. Mwaka 2025 vituo kadhaa vya REU vilifuta au kuahirisha mafunzo ya likizo kutokana na hali ya mashaka kuhusu fedha za serikali ya Marekani. Mwanafunzi anayepanga maisha yake kwa kutegemea tangazo la mwaka uliopita anapaswa kulikumbuka hilo.

Mmea ndio unaopanga ratiba

Mtu anaweza kujiuliza: mahindi huchukua miezi minne shambani na muhogo mwaka mzima, je, mwanafunzi atafanya utafiti gani wa mimea kwa majuma kumi?

Jibu liko katika uchaguzi wa mmea. Katika maabara nyingi, mmea unaotafitiwa hauliwi na mtu yeyote. Ni gugu dogo la jamii ya haradali na kabichi liitwalo Arabidopsis thaliana. Linatosha kuota katika kikombe, hutoa maelfu ya mbegu, na huchukua takriban majuma sita tu tangu mbegu hadi mbegu. Jenomu yake ni ndogo, na mwaka 2000 ikawa ya kwanza ya mmea kusomwa yote. Mwanafunzi anayefika mapema Juni na kupanda siku ya pili anaweza kukiona kizazi kizima kabla ya kuondoka Agosti. Kanuni nyingi za maisha ya mimea, tangu mwitikio kwa mwanga hadi ulinzi dhidi ya vimelea, zilifahamika kwanza katika gugu hilo, kisha zikatafutwa katika mpunga, ngano na mahindi.

Mmea mwingine ni wa jamii ya tumbaku, Nicotiana benthamiana, wenye asili ya Australia. Mtafiti huchukua bakteria aliyebeba jeni inayochunguzwa, humchanganya na maji, na kwa bomba la sindano lisilo na ncha humsukuma ndani ya jani. Siku chache baadaye seli za jani hilo huanza kuisoma jeni hiyo. Jaribio likiharibika Jumatatu, linaweza kurudiwa juma hilohilo, na kwa mwanafunzi mwenye muda mfupi hiyo ni faida kubwa.

Njia ya tatu haihitaji mmea kabisa. Baiolojia ya leo huzalisha takwimu nyingi kuliko watu wa kuzichambua: mifuatano ya vinasaba, picha za mizizi, vipimo vya mashamba ya majaribio. Mwanafunzi anayejua kuandika programu ya kompyuta, hata kwa kiwango cha mwanzo, anaweza kupewa hazina ya takwimu na swali la kuijaribu. Mwanafunzi wa chuo kisicho na vifaa vingi aizingatie njia hii, kwa kuwa anaweza kuanza kujizoeza akiwa nyumbani, kwa kompyuta ya kawaida na intaneti.

Yaliyobaki ni kazi za mikono na za subira: kusaga majani katika naitrojeni ya majimaji, kuchuja vinasaba, kunakilisha kipande cha kinasaba hadi kiweze kuonekana, kumwagilia mimea katika kitalu nyumba siku ya Jumapili. Majaribio mengi hushindwa mara ya kwanza. Kujifunza kutofautisha jaribio lililoharibika na jaribio lililojibu "hapana" ni sehemu kubwa ya elimu hiyo.

Muhogo, uzi unaoziunganisha pande mbili

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, habari hii ina upande unaomgusa karibu zaidi. Magonjwa mawili yanayoutesa zaidi muhogo katika ukanda huu yaliandikwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza hapahapa. Batobato ya muhogo ilielezwa mwaka 1894 kutokana na mimea iliyoonekana Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, katika safu hiyohiyo ya milima ya Tanga. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila. Majani yanaweza kuonekana na afya ya kutosha, shina likasimama imara, na mkulima akaamini kwamba ana akiba ya chakula ardhini. Siku ya kuvuna hukata muhogo na kukuta ndani madoa makavu ya rangi ya kahawia yasiyoweza kuliwa wala kuuzwa. Kwa miongo mingi ugonjwa huo ulidhaniwa kuwa wa pwani na nyanda za chini. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana Uganda, katika mwinuko unaozidi mita 1,000, kisha ukaenea katika nchi za Maziwa Makuu. Huenezwa na nzi weupe na kwa vipande vya shina ambavyo wakulima hupeana kama mbegu.

Utafiti wa magonjwa haya leo umesambaa katika mabara kadhaa. Hazina kuu ya takwimu za uzalishaji wa aina bora za muhogo, iitwayo Cassavabase, inaendeshwa kutoka Taasisi ya Boyce Thompson kule Ithaca, nayo hupokea vipimo kutoka kwa wagunduzi wa mbegu wa Afrika, wakiwamo wa kituo cha Namulonge nchini Uganda. Kituo cha Danforth kwa miaka mingi kimeshirikiana na mashirika ya utafiti wa kilimo ya Kenya na Uganda kutengeneza muhogo unaostahimili michirizi ya kahawia kwa njia ya uhandisi jeni. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa viumbehai ya Kenya iliidhinisha muhogo wa aina hiyo uingie katika hatua ya majaribio ya kitaifa, uamuzi ulioibua mjadala, kama ilivyo kwa mazao yote ya uhandisi jeni.

Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mwanafunzi wa miaka 20 aliyekulia Ohio, ambaye hajawahi kuonja muhogo, akatumia likizo yake kuchambua takwimu za mashamba ya Uganda, huku mwanafunzi wa Kiganda ambaye bibi yake amepoteza shamba kwa ugonjwa huohuo akizuiwa kuomba nafasi hiyohiyo. Hakuna ubaya katika kazi ya yule wa kwanza. Hasara ni ya yule wa pili, na ya taifa litakalomhitaji.

Nani anaruhusiwa?

Hapa ndipo mwombaji anapaswa kusoma kwa makini. Sheria ya REU ni kwamba fedha zake huwalipa raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu pekee. Mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya anayesoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi hahesabiki humo, ingawa taasisi moja moja huweza kumpokea kwa fedha nyingine. Kinyume chake, kijana wa Kikongo, Kirundi au Kisomali ambaye familia yake ilipokelewa Marekani kama wakimbizi na kupata ukaazi wa kudumu anastahili sawa na mzaliwa wa nchi. Wapo wasemaji wengi wa Kiswahili walio katika hali hiyo, na si wote wanaojua kwamba mlango huo ni wao pia.

Nchini Ujerumani, mpango maarufu wa shirika la DAAD uitwao RISE huwapokea wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Mwanafunzi wa chuo cha Afrika hamo.

Ipo, hata hivyo, milango isiyouliza uraia. Shule ya majira ya joto ya Vienna BioCenter nchini Austria hupokea wanafunzi kutoka nchi zote, na miongoni mwa taasisi zake imo Taasisi ya Gregor Mendel, inayoshughulikia mimea pekee. Posho na malazi hutolewa. Huko Norwich, Uingereza, Kituo cha John Innes, kilichoanzishwa mwaka 1910, kwa miaka kadhaa kimeendesha shule ya kimataifa ya majuma manane kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Chuo cha OIST katika kisiwa cha Okinawa, Japani, hupokea wanagenzi wa utafiti kwa miezi miwili hadi sita na kuwalipia nauli.

Ulio karibu zaidi nasi kati ya hiyo uko ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Chuo Kikuu cha KAUST nchini Saudi Arabia kina mpango wa wanafunzi wageni wa miezi mitatu hadi sita unaotoa posho, makazi na nauli. Baadhi ya watafiti wa chuo hicho huchunguza kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ambalo wakulima wa Kanda ya Ziwa na magharibi mwa Kenya wanalifahamu kwa uchungu. Masharti yake ya alama ni makali: wastani wa 3.5 kati ya 4. Kwa kuwa vyuo vya Tanzania na Uganda hutumia kipimo cha hadi 5, mwombaji aeleze wazi kipimo cha chuo chake ili alama zake zisisomwe vibaya.

Nchi jirani zina nini?

Kabla ya kuitazama bahari, inafaa kuitazama ramani ya nyumbani. Utafiti wa mimea Afrika Mashariki una historia ndefu, na vituo vyake vingi hupokea wanafunzi, ingawa havitangazi kwa sauti kubwa.

Jijini Nairobi kuna icipe, kituo cha kimataifa cha sayansi ya wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Jina lisimdanganye mtu: mdudu na mmea hawatenganishiki. Kituo hicho, kwa kushirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza, ndicho kilichokuza kilimo cha vuta-sukuma, ambapo mmea wa desmodiamu ukipandwa kati ya mistari ya mahindi huwafukuza viwavi na kukizuia kiduha, na majani ya tembo yaliyozunguka shamba huwavuta viwavi hao nje. Kazi hiyo iliendelezwa katika kituo cha Mbita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Icipe ina utaratibu wa kuwapokea wanafunzi wa uzamili kufanyia tasnifu zao hapo, na hutangaza nafasi za uanagenzi.

Nairobi pia ndipo ilipo Hebaria ya Afrika Mashariki, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mkusanyo wake wa mimea iliyokaushwa ulianzia Amani mwanzoni mwa karne iliyopita na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Mwanafunzi anayetaka kujua kuutambua mmea kwa jani, ua na tunda lake, ujuzi unaozidi kuwa adimu hata Ulaya, hana shule bora zaidi ya makabati hayo.

Nchini Uganda, kituo cha Namulonge kaskazini mwa Kampala ndicho makao ya utafiti wa taifa wa muhogo, mpunga na maharage. Tanzania ina vituo vya TARI: Mikocheni jijini Dar es Salaam, kinachoshughulikia bioteknolojia na minazi, Kibaha, chenye miwa na muhogo, na Naliendele mkoani Mtwara, chenye korosho. Kwa wasomaji wa Kisangani na mashariki mwa Kongo, kuna kituo cha INERA cha Yangambi, kando ya Mto Kongo, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930 na chenye hebaria kubwa kuliko zote za Afrika ya Kati.

Mwisho, Shirika la Baiolojia ya Tropiki, lenye ofisi Cambridge na Nairobi, limekuwa likiendesha kozi za mwezi mmoja katika misitu ya Kibale nchini Uganda, Amani nchini Tanzania na Kirindy nchini Madagaska. Darasa hugawanywa takriban nusu kwa nusu kati ya Waafrika na Wazungu, na Waafrika hupewa ufadhili. Sehemu ya pili ya kozi hiyo ni utafiti mdogo ambao mwanafunzi huubuni na kuutekeleza mwenyewe.

Udhaifu wa vituo vya ukanda huu usifichwe. Vingi havilipi posho, na baadhi humtaka mwanafunzi ajigharimie au alipie kemikali. Nafasi hupatikana zaidi kwa barua na kwa kujuana kwa wahadhiri kuliko kwa tangazo la wazi. Mwanafunzi anayevuka mpaka kwa utafiti anahitaji pia kibali: cha NACOSTI nchini Kenya, COSTECH nchini Tanzania, au UNCST nchini Uganda. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza ya kulipia kuingia nchi nyingi wanachama, lakini ruhusa ya kuingia nchini haimwondolei wajibu wa kibali cha utafiti. Aulize kituo mapema ni nani anayekiomba na ni nani anayekilipia.

Namna ya kuomba

Maombi mengi huhitaji vitu vinne: nakala ya matokeo, wasifu mfupi, barua moja au mbili za mapendekezo, na maelezo ya mwombaji kuhusu sababu za kutaka nafasi hiyo.

Maelezo hayo ndiyo hupima uzito wa mwombaji. Sentensi za jumla, kama kupenda sayansi tangu utotoni au kutaka kuisaidia jamii, husomwa mamia ya mara na wachaguzi. Chenye nguvu ni swali mahususi. Mwombaji ataje maabara anayoitaka, aeleze ni kazi gani ya maabara hiyo aliyoisoma, na ni nini hasa hakukielewa au angependa kukijaribu. Mwanafunzi aliyeona shamba likiungua kwa kiduha ana jambo la kusema ambalo mwenzake wa Vienna hana. Alieleze kwa utulivu, kwa vipimo na tarehe, bila kuomba huruma.

Mhadhiri apewe angalau majuma matatu kuandika barua, na aelezwe programu ni ipi na tarehe ya mwisho ni lini. Barua yenye manufaa hutoka kwa aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi, hata kama si profesa mwenye jina kubwa.

Kalenda ni kikwazo kisichozungumzwa. Katika vyuo vingi vya Tanzania muhula wa pili huendelea hadi Julai, ilhali programu za kaskazini huanza mwishoni mwa Mei au Juni. Mwombaji aangalie tarehe za mitihani kabla ya kuomba, na azungumze na chuo chake mapema kuhusu uwezekano wa mafunzo hayo kuhesabiwa kama mafunzo kwa vitendo. Mipango isiyofungwa na majira, kama ya KAUST na Okinawa, humfaa zaidi.

Pasipoti iwepo kabla ya jibu kufika. Kwa Marekani, mafunzo ya aina hii kwa kawaida hupitia viza ya J-1, ambayo haiwezi kuombwa bila hati kutoka kwa mwenyeji. Amri ya Juni 2025 ya serikali ya Marekani ilizuia utoaji wa viza za aina hiyo kwa raia wa Burundi, miongoni mwa nchi nyingine, na orodha hiyo hubadilika. Mwombaji aitazame kabla ya kutumia fedha yoyote.

Asibebe mimea. Kipande cha shina, mbegu au udongo uliofungwa katika sanduku la nguo unaweza kueneza ugonjwa na kumtia mwanafunzi matatani forodhani. Mimea ya utafiti husafiri kwa cheti cha afya ya mimea na kwa makubaliano kati ya taasisi, na Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi asilia ikubali na inufaike.

Na ajihadhari na matapeli. Programu inayomlipa mwanafunzi posho kwa kawaida haimdai ada ya kumshikia nafasi, wala haimtaki atume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Tangazo lolote lihakikiwe katika tovuti ya taasisi yenyewe.

Kinachobaki baada ya majuma kumi

Daftari la maabara hubaki maabarani. Bango hukunjwa. Ni wanafunzi wachache wanaoliona jina lao katika makala ya kisayansi, na hata hao husubiri miaka. Anachoondoka nacho mwanafunzi ni mazoea: kuuliza kabla ya kuamini, kurudia kabla ya kutangaza, kuandika ili mwingine aweze kusahihisha. Huondoka pia na mtu mmoja au wawili wanaoweza kuandika, kwa kumjua, kwamba anaweza kazi hii. Katika maombi ya uzamili, ushahidi huo una uzito mkubwa.

Mwanafunzi aliyekataliwa kwa sababu ya pasipoti yake hakupimwa akili wala bidii. Orodha ya masharti ilisomwa, basi. Novemba inapokaribia, aandike barua mbili: moja kwa programu ya mbali isiyouliza uraia, na nyingine kwa kituo cha nchi jirani ambacho anaweza kukifikia kwa basi. Ya pili huenda ikajibiwa kwanza, na muhogo atakaoukuta huko ni uleule ulioko shambani kwao.